Nambari Sita Katika Karatasi ya Naibu

Mpenzi msomaji, huenda wewe ni mzazi. Kila asubuhi humwamsha mwanao, humpa chai, humkagua kucha na kola ya shati, kisha humsindikiza mpaka langoni mwa shule na kwenda zako kazini ukiwa na amani moyoni. Au huenda u mwanafunzi, na mwalimu wako unamjua tu kama mtu aingiaye darasani na chaki mkononi. Hebu nikuulize: umewahi kuingia katika chumba cha walimu? Simaanishi kusimama mlangoni na kubisha hodi ukitetemeka. Namaanisha kuingia, ukapewa kiti, ukatazama kuta.

Ukifanya hivyo utauona ubao wa matangazo. Hapo pana ratiba ya vipindi iliyochorwa kwa rula, kalenda ya duka la vitabu, orodha ya wasimamizi wa michezo, na waraka fulani wa wizara ambao umekaa hapo hadi umegeuka rangi ya manjano. Katikati pana karatasi moja ambayo hubadilishwa kila wiki. Hiyo ndiyo yenye habari za walimu pamoja na mambo wanayokumbushwa. Katika shule nyingi haina jina rasmi. Sisi tulikuwa tukiiita "karatasi ya Naibu".

Nimeisoma karatasi ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa miaka kadhaa sasa mimi ndiye niiandikaye. Nina kisa kuihusu, na si kisa cha kujisifu.

Kwanza ni vyema uelewe jinsi mambo yanavyokwenda. Mwalimu mkuu ndiye mwenye shule mbele ya watu. Yeye huonana na maafisa wa elimu, huketi na kamati ya wazazi na hutia sahihi hundi. Lakini anayeiendesha shule siku hadi siku ni naibu wake. Ndiye ajuaye mwalimu yupi hajafika, ufunguo wa stoo uko wapi, na kwa nini darasa la tano linapiga kelele. Naibu wetu wakati huo, katika shule moja ya msingi huko Eastlands, hapa Nairobi, alikuwa mama wa makamo, mfupi, mtulivu, ambaye sauti yake haikupanda hata alipokasirika. Siku ya Ijumaa, gwaride la jioni likiisha na bendera ikishateremshwa, ungemwona ameketi pembeni na kalamu yake ya bluu na karatasi ya kaboni. Karani alikuwa na taipureta, lakini stensili zilikuwa ghali na ziliwekwa kwa ajili ya mitihani. Basi aliandika kwa mkono, nakala ya juu ikaenda ubaoni, ya chini ikaingia kwenye jalada.

Aliandika nini? Lo! Aliandika kila kitu. Nambari ya kwanza siku zote ilikuwa zamu. Wiki ijayo mwalimu wa zamu ni fulani, akisaidiwa na fulani. Wafike saa moja kasorobo, wasimamie usafi, wapige kengele, na ripoti yao isomwe kwenye gwaride la Ijumaa. Nambari ya pili ilikuwa pesa za chai. Kama hujawahi kufanya kazi na walimu, msomaji, hujui uzito wa jambo hili. Watu waliosomea hesabu na kuzifundisha kwa miaka kumi husahau hesabu zote ikifika siku ya kulipa chai. Naibu aliandika majina ya waliolipa, wala hakuandika ya wasiolipa, lakini sote tulijua kutoa.

Kisha chaki: vipande viwili vyeupe na kimoja cha rangi kwa kila mwalimu kwa siku, na wanaohifadhi chaki kwenye droo zao wazirudishe. Kisha azimio la kazi na andalio la somo, yaletwe kutiwa sahihi Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza. Kisha habari za watu. Mwenzetu wa darasa la pili amejaliwa mtoto wa kike, mchango ni shilingi hamsini. Mwenzetu mwingine amefiwa na baba mkwe, gari litaondoka Ijumaa jioni. Karatasi za mishahara zimefika. Mwalimu wa muziki anaomba kwaya iachiliwe mapema kwa maandalizi ya tamasha. Na kulikuwa na mistari ya vijembe, ambayo haikutaja jina: "Wapo walimu wanaowatuma watoto dukani kuwanunulia mkate. Wanajijua." Basi hapo kila mmoja humtazama mwenziwe kwa pembe ya jicho, na aliye na mkate mkononi huuficha.

Baada ya serikali kupiga marufuku adhabu ya viboko mwaka 2001, jambo hilo nalo lilipewa nambari yake, na lilikaa kwenye karatasi wiki baada ya wiki kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Ukweli ni kwamba fimbo zilitoka madarasani zikahamia kwenye kabati.

Rejista ilikuwa nambari sita. Maneno yake hayakubadilika: "Rejista zijazwe mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza na alasiri baada ya chakula." Mtoto aliyepo hutiwa kijistari cha mshazari, aliyekosa hutiwa sifuri. Jambo dogo kabisa. Ukiniuliza tulisoma nini katika karatasi ile, nitakujibu kwa unyofu kwamba tulisoma kwanza waliozaa na waliofiwa, halafu mishahara, halafu tukatazama kama majina yetu yamo katika zamu. Hayo mengine macho yaliyaruka kama mtu arukavyo dimbwi aliloliona jana na juzi.

Sasa tuje mwaka 2003. Huenda wakumbuka siku zile. Januari ya mwaka huo serikali mpya ilianzisha elimu ya msingi bila malipo, na wazazi wakafurika langoni tangu alfajiri. Katika nchi nzima idadi ya watoto wa shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi takriban milioni 7.2. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Pesa hizo zilinunua vitabu na kalamu, lakini hazikununua mwalimu. Darasa nililofundisha mwaka 2002 lilikuwa na watoto 46. Darasa la nne nililokabidhiwa mwaka 2003 lilikuwa na watoto 91. Waliketi wanne kwenye dawati la wawili, wengine sakafuni, na mmoja, namkumbuka, alipenda kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Hebu fanya hesabu pamoja nami. Kuita majina 91, kila mtoto ajibu, huyu hajasikia, yule anaitikia kwa niaba ya rafiki yake, ni dakika kumi. Mara mbili kwa siku ni dakika ishirini. Kipindi kizima ni dakika thelathini na tano. Nikajiambia, je, watoto hawa wamekuja kuitwa majina au wamekuja kujifunza? Nikabuni njia ya mkato. Niliacha kuita majina. Siku ya Ijumaa, wakati wa chai ya saa nne, niliifungua rejista na kutia vijistari vya wiki nzima, tangu juu hadi chini, mkono ukienda kama cherehani. Hata vya alasiri ya siku hiyo niliviweka kabla ya adhuhuri kufika. Hapa na pale niliweka sifuri kwa watoto niliokumbuka kwamba waliugua, ili ukurasa usionekane safi kupita kiasi. Nilifikiri, nani atadhurika?

Ijumaa moja ya muhula wa pili nilikuwa ndio kwanza nimemaliza kazi hiyo, wino haujakauka vizuri, nikasikia hodi mlangoni. Alikuwa mama wa mmoja wa wasichana wangu. Alikuwa akiuza mboga. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni Marikiti, na hakurudi mpaka jioni. Alikuwa amejitanda kanga na mkononi ameshika kifurushi cha sukuma wiki.

"Samahani, Mwalimu, kwa kukusumbua wakati wa chai," akasema.

"Hakuna taabu, Mama. Karibu."

Akanieleza kwamba mwanamke mmoja wauzaye naye pamoja alidai kumwona binti yake Jumatano adhuhuri, karibu na kituo cha matatu, akiwa amembeba mtoto mchanga mgongoni. "Mimi najua aliondoka asubuhi na sare yake," akasema. "Nimekuja kuuliza tu. Labda amemfananisha."

Msomaji, ningeweza kusema, "Ngoja nimwite." Darasa lilikuwa hatua ishirini kutoka hapo. Lakini rejista ilikuwa mbele yangu, na mtu hupenda kuamini alichokiandika mwenyewe. Niliifungua, nikapitisha kidole. "Mama, mtoto wako hajakosa hata siku moja wiki hii. Tazama mwenyewe."

Yule mama hakujua kusoma vizuri, lakini aliinama akavitazama vile vijistari, kimoja kimoja, na uso wake ukakunjuka. "Asante sana, Mwalimu," akasema. "Watu wana maneno." Kisha akaniachia kile kifurushi cha sukuma wiki juu ya meza. Jioni nilikipeleka nyumbani, tukakila.

Ukweli, ambao niliujua baadaye, ni kwamba msichana huyo hakuwa amekanyaga darasani tangu Jumatatu. Katika ploti yao alikuwa amehamia mwanamke mwenye mtoto wa miezi mitatu, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumlelea mtoto ili aende kazini. Alimwahidi msichana shilingi ishirini kwa siku. Asubuhi mtoto wa watu alitoka nyumbani na sare na mkoba, akaingia chumba cha jirani, akabadilisha nguo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na alitaka kumnunulia mamake viatu, ndivyo alivyosema. Usiku ule wa Ijumaa mama hakumwuliza binti yake chochote, maana mwalimu alikuwa amekwisha kumjibu. Jumamosi mama alipokuwa sokoni, yule jirani alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni akahama, na msichana akaenda naye.

Jumatatu asubuhi shule ilijaa polisi. Mama alikuwa ameripoti kituoni, na jambo la kwanza alilowaambia ni kwamba Ijumaa binti yake alikuwa shuleni, kwani aliona kwa macho yake katika rejista. Basi uchunguzi ukaanzia shuleni. Aliondoka na nani Ijumaa? Nani alimwona mwisho? Watoto waliulizwa, na wawili watatu wakasema hawakumwona mwenzao wiki nzima. Hawakusadikiwa. Ni watoto, na rejista ilikuwa hapo imejaa. Ikabaki kuulizwa bawabu, mzee mmoja mpole aliyekuwa akifungua na kufunga lango tangu kabla sijaajiriwa. Akasema hakumbuki kumwona msichana huyo akitoka Ijumaa. Akaulizwa, aliingia na hakutoka? Akababaika. Alipelekwa kituoni, akalala huko.

Usiku huo sikupata lepe la usingizi. Nilijua tangu asubuhi kwamba watoto walisema kweli. Nilinyamaza siku nzima. Sitakuficha jambo hili, nilinyamaza kwa sababu niliogopa kupoteza kazi.

Jumanne Naibu aliniita afisini kwake. Rejista ilikuwa mezani imefunguliwa. Aliuzungusha ukurasa unielekee, akaniuliza kwa sauti yake ile ile ya chini, "Mwalimu, alama hizi ulizitia lini?"

Nikaanza kueleza habari za watoto 91, na dakika ishirini, na madawati. Alingoja nimalize. Kisha akauliza tena, "Ulizitia lini?"

"Ijumaa," nikasema. "Zote."

Kijasho chembamba kilinitoka. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alichukua mkoba wake, akafunga rejista, akasema, "Twende kituoni." Tukaenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, tusisemezane. Niliandika taarifa yangu. Afisa aliyeipokea aliisoma mara mbili, akanitazama, hakusema neno. Bawabu aliachiliwa jioni hiyo. Polisi wakaacha kuuliza habari za Ijumaa na shule, wakaanza kuuliza habari za Jumatatu na ploti, na hapo ndipo majirani walipokumbuka mtoto mchanga na mkokoteni. Siku ya kumi na moja msichana akapatikana Thika, akiosha nguo za mtoto. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua kwa uji kutoka kiwiko hadi kifundo, na hakuwa amepelekwa hospitali.

Alirudi darasani baada ya wiki mbili, mkono umefungwa bendeji. Mamake alimleta mwenyewe. Nilimwomba radhi pale mlangoni. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini hakuniita tena Mwalimu. Nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Kwa bawabu nilikwenda nyumbani na sukari na unga, nikamwomba msamaha mbele ya mkewe. "Yamekwisha," alisema. Lakini tangu siku ile mpaka alipostaafu alinifungulia lango bila kunisalimu.

Ijumaa ya wiki ile niliogopa kuingia chumba cha walimu. Nilijua kwamba karatasi imebandikwa, na nilitazamia kujikuta humo, kwa jina au kwa kijembe. Nilisubiri wenzangu watoke, nikausogelea ubao. Hapakuwa na neno juu yangu. Maneno ya rejista yalikuwa yale yale ya siku zote, herufi kwa herufi. Isipokuwa hayakuwa tena nambari sita. Naibu alikuwa ameyapandisha yakawa nambari moja, na zamu ikashuka ikawa ya pili. Yalikaa hapo kila wiki mpaka nilipohamishwa mwaka 2009.

Kosa lilikuwa langu, wala simsukumii mtu mwingine. Lakini nilipokuja kuwa naibu mimi mwenyewe, katika shule nyingine, nikakabidhiwa kalamu na ubao, nililazimika kujiuliza: mbona nilipita mbele ya mstari ule wiki nenda wiki rudi nisiuone? Nadhani mtu akikumbushwa kwa maneno yale yale kila wiki, huyasikia kama anavyosikia honi za matatu anapokaa karibu na barabara. Tena hakuna aliyetuambia rejista ni ya kazi gani. Tulidhani ni ya mkaguzi. Chaki tulielewa, chai tulielewa, lakini rejista tuliiona kama ushuru unaolipwa kwa watu wasioonekana.

Kwa hiyo mimi siandiki "walimu wanakumbushwa kujaza rejista". Naandika kilichomo ndani yake. Wiki iliyopita watoto tisa walikosa siku tatu au zaidi. Saba tumezungumza na wazazi wao, wawili bado, na ni wa madarasa haya. Mwalimu akiona darasa lake limetajwa huja kuuliza. Habari za harusi na watoto waliozaliwa naziweka mwisho kabisa, makusudi, ili jicho lipite kwanza pale ninapotaka. Na vile vijembe vya "wanajijua" nimevifuta. Asiye na kosa huona anashukiwa, na mwenye kosa hucheka. Nikiwa na neno na mtu namwendea.

Kuna karatasi moja niliyoandika ambayo ilikuwa na nambari moja tu. Shule zilikuwa zimefungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Gredi ya nne na darasa la nane walirudi Oktoba, wengine wote wakarudi Januari 2021. Wiki ya kwanza ya Januari hiyo sikuandika habari za zamu wala chai. Niliomba kila mwalimu wa darasa alete majina ya ambao hawajarudi kufikia Jumatano, na neno moja mbele ya kila jina: yuko wapi. Wengine walikuwa wamepelekwa mashambani na wakabaki huko. Wavulana wawili tuliwapata kwenye mjengo wakibeba kokoto. Wasichana watatu walikuwa wajawazito. Baadhi ya majina hatukupata neno la kuandika mbele yake.

Siku hizi karatasi yenyewe imehamia kwenye simu. Nabandika moja ubaoni kwa sababu ya mazoea, na nyingine natuma kwenye kikundi cha walimu cha WhatsApp. Huko, saa mbili haijapita, tangazo langu limezikwa chini ya poleni ishirini, hongera kumi na video ya mhubiri. Alama mbili za bluu huniambia kwamba mtu ameufungua ujumbe. Haziniambii kama ameusoma, na mimi ndiye mtu wa mwisho wa kuamini alama kwa sababu tu zimetiwa. Nikiwa na jambo zito, bado nalisoma kwa sauti wakati wa chai, watu wakiwa na mandazi mdomoni na hawawezi kunikatiza.

Hapa ndipo unapoingia wewe mzazi. Karibu kila karatasi ninayoandika ina mstari usemao: simu za wazazi zisizopatikana. Mtu wa jiji hubadilisha laini kama anavyobadilisha nyumba, na hakumbuki kumwambia mwalimu. Mwalimu anapiga, anaambiwa nambari hiyo haipo. Na wako wanaopatikana wakakasirika, eti mwalimu anawapigia saa tatu asubuhi wakiwa kazini kuwauliza mtoto yuko wapi, kana kwamba si yeye aliyekabidhiwa. Nawaelewa. Lakini mtoto wako akiwa na homa, nipigie mapema wewe.

Juma lililopita mwalimu wa gredi ya tano alimpigia baba mmoja.

"Yuko shuleni, Mwalimu," akajibu. "Nimemwacha langoni mimi mwenyewe, nikamwona akiingia."

"Hayuko, Baba."

Simu ikawa kimya, tukasikia makanga wa matatu akiita abiria huko aliko. Baba alishuka palepale akarudi. Kufikia saa tano kijana alikuwa amepatikana katika kibanda cha michezo ya video nyuma ya kituo, mahali ambapo shilingi kumi hukupa mchezo mmoja. Alikuwa amepoteza kitabu cha shule na kuogopa kusema. Alilia mpaka akapata kwikwi. Baba yake hakutushukuru. Alitaka kujua mtoto anawezaje kuingia lango la shule saa moja u nusu na kutoka kwa lango lile lile saa mbili, wala asizuiwe na mtu. Ni swali la haki, na sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo karatasi ya wiki ijayo itakuwa hivi. Nambari moja ni rejista: watoto sita, watano tumewapata, mmoja mwalimu wake atakwenda nyumbani kwao Jumatatu jioni. Nambari mbili ni lango: kuanzia sasa mwalimu wa zamu asimame hapo na bawabu mpaka kengele ya saa mbili na robo. Nambari tatu sijaiandika bado. Nadhani itakuwa chai, kwa sababu walimu saba hawajalipa, na mmoja wao ni mimi.